Siku tano San Francisco na mama mwenye magoti mabaya: tupange vipi na vile vilima?

Kasarani_Kwetu anauliza:

Habari zenu wadau. Katikati ya Julai naenda San Francisco na mama yangu. Viza tunazo, tikiti za ndege tumeshalipia, tunapitia Doha. Huko tutakuwa na siku tano kamili. Mama ana miaka 67, ni mzima na anatembea vizuri mahali tambarare, ila akikutana na ngazi nyingi magoti yanamlalamikia. Hatumii mkongojo.

Kinachonisumbua ni malazi. Nimeona chumba Nob Hill kwa bei nzuri, na ramani inasema ni kama mita 800 tu kutoka kituo cha treni cha Powell, dakika kumi na mbili kwa miguu. Mtu mmoja ananiambia nisithubutu. Mwingine anasema kule kuna yale magari ya kebo, kwa hivyo kilima si hoja. Nimwamini nani?

Halafu, Julai huko si ndio kiangazi? Tubebe nguo za kwenda Mombasa ama? Na nikodishe gari, au mabasi yanatosha? Tunataka kuona daraja la Golden Gate, ile barabara ya kona nyingi, Chinatown na gereza la Alcatraz. Mama anapenda sana bahari.

Ramani_Mkononi:

Aliyekukataza ndiye mwenye haki. Zile mita 800 ramani imezipima kama vile nchi ni sakafu. Kituo cha Powell kiko Market Street, bondeni, mita chache tu juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Nob Hill kinapita mita 100. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo utaimaliza ndani ya vipande vinne vitano vya mtaa, na vile vya mwisho ndivyo vikali kuliko vyote. Kijana atafika akihema. Mama atafika siku ya kwanza, siku ya pili atakuambia atabaki chumbani.

Sababu ya ukali huo ni mchoro wenyewe wa jiji. Jean-Jacques Vioget alipopima mitaa ya kwanza mwaka 1839, na Jasper O'Farrell alipoiendeleza mwaka 1847, mistari ilinyooshwa kwa rula, kilima kiwepo kisiwepo. Kwetu barabara ikikutana na mlima huuzunguka. Kule inaupanda moja kwa moja. Kipande cha Filbert Street kati ya Hyde na Leavenworth kina mwinuko wa asilimia 31.5, maana yake ukisonga mbele mita 100 umepanda mita 31 na nusu. Kuna sehemu ambapo njia ya waenda kwa miguu imekatwa ngazi kwa sababu saruji laini ingemwangusha mtu.

Kabla ya kulipia chumba chochote fanya hivi. Fungua ramani ya Google, weka kituo cha treni kama mwanzo na anwani ya chumba kama mwisho, kisha usichague alama ya mtu anayetembea. Chagua alama ya baiskeli. Hapo utaoneshwa mchoro wa mwinuko: mita ngapi unapanda na mita ngapi unashuka. Njia ikipanda zaidi ya mita 30 ndani ya nusu kilomita, kwa mama hiyo si njia ya kila siku. Angalia pia mtaa ulio sambamba. Kule mtaa mmoja unaweza kuwa ukuta, na wa pili yake ukawa mteremko wa kawaida tu.

Sehemu tambarare za kulala ni hizi. Kwanza, upande wa mashariki wa Union Square, kati ya Powell na Kearny, usipande kaskazini kupita Sutter. Pili, kusini ya Market Street karibu na bustani ya Yerba Buena. Tatu, Embarcadero, ile barabara ya ukingo wa maji, na mitaa ya ofisi iliyo karibu nayo. Nne, Fisherman's Wharf, ambako ni tambarare kabisa ila kuna watalii wengi na upepo wa baharini jioni hauna huruma. Ningekuwa nachagulia mzazi ningechukua ya kwanza, kwa sababu treni ya kutoka uwanja wa ndege inakushusha hapo hapo.

Tahadhari moja, na hii ndiyo inawanasa watu wa Nairobi wanaotafuta bei: ukiona hoteli tambarare, karibu na Powell, halafu rahisi ajabu, angalia kama iko magharibi ya Mason, kwenye mitaa ya Eddy, Turk au Ellis. Huo ni mtaa wa Tenderloin. Mchana watu wanapita, lakini dawa za kulevya zinatumika hadharani kando ya njia, na usiku si mahali pa kutembea na mzazi na mabegi.

Kuhusu kuzunguka, kuna siri ambayo wageni wengi huikosa. Kutoka Union Square kwenda Chinatown usipite juu ya kilima, pita chini yake. Mtaa wa Stockton una handaki la tangu 1914, lina njia ya miguu pande zote mbili, na ukitokea upande wa pili unaanza kukaribia maduka ya Chinatown yanakonunulia wenyeji mboga na samaki. Ni kelele na moshi kidogo, lakini hakuna kilima cha kupanda. Mabasi namba 30 na 45 yanapita humo humo. Ama panda treni ya laini ya T pale Union Square, kituo kinachofuata ni Chinatown–Rose Pak, ambacho kilifunguliwa mwishoni mwa 2022. Kiko chini sana ardhini, kwa hivyo tafuta lifti, usimpeleke mama kwenye ngazi za umeme ndefu kama anaziogopa.

Ukizoea kanuni ya panda kwa gari, shuka kwa miguu, vilima vyote vinakuwa rafiki.

Sweta_Mbili:

Nguo za Mombasa ziache Kasarani.

Julai San Francisco wastani wa joto la mchana katikati ya jiji ni kama nyuzi 19 au 20, na upande wa bahari kuu, Ocean Beach, hata 15. Wenyewe wanajua kwamba miezi ya joto ni Septemba na Oktoba. Juni hadi Agosti ni miezi ya ukungu, na ukungu huo una upepo. Fikiria Limuru saa kumi na mbili asubuhi, halafu mtu awashe feni.

Inakuwaje hivyo wakati California kwingine kunachomeka? Pwani ile upepo husukuma maji ya juu ya bahari, na maji baridi ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo inapoa na kugeuka ukungu. Wakati huo huo, bonde kubwa la bara linapata joto la nyuzi 35 na zaidi, hewa yake inapanda, na nafasi yake lazima ijazwe. Mlango pekee mpana kwenye safu ya milima ya pwani ni mlango wa bahari wa Golden Gate, pale daraja linapopita juu yake. Kwa hivyo bara likizidi kuchomeka, ndivyo ukungu unavyovutwa kuingia jijini. Ukisikia habari kwamba mji wa Sacramento una joto kali leo, beba jaketi.

Hili lina maana kwa ratiba yenu. Vilima vya Twin Peaks, vyenye kimo cha kama mita 280, viko katikati ya jiji na vinazuia ukungu. Upande wa magharibi, mitaa ya Sunset na Richmond, unaweza kuwa gizani mchana kutwa huku Mission na Potrero, mashariki, watu wanakula nje kwa mashati. Tofauti ya nyuzi 5 au zaidi kwa safari ya basi ya nusu saa ni kawaida. Kwa hivyo asubuhi kaeni mashariki: Mission, Ferry Building (jengo la gati la feri), Chinatown. Daraja nendeni kati ya saa sita na saa tisa mchana, ukungu ukiwa umejikunja. Baada ya saa kumi upepo unaingia, na picha za daraja zinageuka picha za kitu cheupe.

Mbebee mama vitu vitatu vya kuvaa juu: fulana au blauzi ya mikono mirefu, sweta ya sufu, na jaketi jepesi la kuzuia upepo lenye kofia. Koti moja zito halifai, kwa sababu akiwa ndani ya basi au Mission atalivua na ataanza kulibeba mkononi siku nzima. Mwavuli acheni, Julai karibu hakuna mvua, na ukungu unakuja na upepo unaougeuza mwavuli nje ndani.

Kuhusu bahari: ya kuangalia, si ya kuoga. Maji ni kama nyuzi 12 hadi 14, na Ocean Beach ina mikondo inayovuta watu ndani. Hata kusimama na miguu majini ukiipa bahari mgongo si jambo la busara pale, mawimbi makubwa huja bila kutangulizwa na madogo. Kama mama anataka bahari, mpandishe feri ya kwenda Sausalito kutoka Ferry Building. Ni nusu saa hivi, inapita karibu na Alcatraz, daraja linaonekana lote, ni usafiri wa kawaida wa wananchi na unalipia kwa Clipper, kadi ya nauli ya usafiri wa umma wa huko. Akae ndani dirishani, wewe toka nje upigwe na upepo.

Goti_Salama:

Ramani_Mkononi umeongea vizuri mpaka ile sentensi ya mwisho. Panda kwa gari, shuka kwa miguu ni kanuni ya mapafu, si ya magoti. Huyu mama anatoka Nairobi, mita karibu 1,800 juu ya bahari. Akifika usawa wa bahari pumzi atakuwa nayo hadi abaki nayo. Kinachoumia ni goti, na goti huumia zaidi wakati wa kushuka. Ukipanda, msuli wa paja unajikaza na kufupika, kazi ya kawaida. Ukishuka, msuli huo huo unafanya kazi ya breki huku ukirefuka, goti limekunjwa, na kifuniko cha goti kinagandamizwa kwenye mfupa kwa nguvu kubwa zaidi. Ndio maana mtu hushuka akiwa sawa, kisha usiku hawezi kuinuka kitini.

Kwa hivyo kwa mama: panda kwa gari, na ushuke kwa gari. Miguu iwe ya tambarare. Akilazimika kushuka kipande kifupi, ashuke kwa kukata mshazari kutoka upande mmoja wa njia hadi mwingine, hatua fupi, goti likunjwe kidogo badala ya kunyooshwa kama mti. Kwenye ngazi, mguu wenye nafuu ndio unatangulia kupanda, na mguu mbaya ndio unatangulia kushuka. Mnunulieni fimbo ya kutembelea inayokunjika, hata kama nyumbani hatumii. Ikirefushwa kidogo wakati wa kushuka inabeba sehemu ya uzito.

Viatu: soli ya mpira yenye meno, kisigino kifupi, na kidole kikubwa kibaki na nafasi ya upana wa kidole cha mkono mbele. Kwenye mteremko mguu unateleza ndani ya kiatu na kucha zinagonga mbele. Dawa yake ni kukaza kamba pale kwenye kifundo cha mguu na kuziacha legevu kidogo karibu na vidole. Viatu vipya visianzie kazi San Francisco. Kabla ya safari tembeeni navyo Karura kwa saa moja, kisha kipande cha kwanza tu cha Ngong Hills, kupanda na kushuka. Kama vitamuuma, vimuume akiwa Ngong ambako kurudi ni matatu moja.

Na mabasi ya kule yanainama. Dereva ana kitufe cha kushusha upande wa mlango wa mbele hadi ngazi ya kwanza ikaribie ukingo wa njia. Asione haya kuomba.

Kasarani_Kwetu:

Asanteni sana, nimefunga ile tabo ya Nob Hill. Sasa magari ya kebo je, mama anaweza kupanda? Alishaona kwenye runinga watu wananing'inia nje.

Fundi_Breki:

Anaweza, ila chagueni laini na saa.

Kwanza uelewe lile gari linavyofanya kazi, utajua mama akae wapi. Halina injini. Chini ya barabara kuna kebo ya chuma inayozunguka bila kusimama kwa mwendo wa maili 9.5 kwa saa, yaani kama kilomita 15. Dereva ana wenzo mrefu wenye taya zinazoshuka ndani ya mwanya ulio katikati ya reli. Akibana, gari linachukua mwendo wa kebo. Akiachia, linategemea breki. Breki ni za aina tatu: za magurudumu, za vipande vya mbao vinavyogandamizwa juu ya reli, na kabari ya chuma ya dharura inayoingia kwenye ule mwanya. Mbao zinaisha kwa siku chache tu na kubadilishwa, ndio ile harufu ya kuungua unayoisikia mteremkoni. Kabari ikishatumika, mara nyingi huwa imekwama kiasi kwamba mafundi huikata kwa moto. Mfumo huu ni wa Andrew Hallidie, ulijaribiwa Clay Street mwaka 1873, na kimsingi haujabadilika.

Matokeo yake kwa abiria: kila dereva anapoachia kebo na kuibana tena, gari linakurupuka. Kwenye kona inayoachiwa kebo, linapita kwa msukumo wa mteremko. Aliyesimama nje akishika nguzo kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili ndiye anayeanguka. Mama aingie sehemu ya ndani iliyofungwa, akae, na ashike. Ngazi ya kupandia ni ya juu, kwa hivyo wewe panda nyuma yake, usitangulie.

Laini ziko tatu. Mbili zinaanzia Powell na Market, pale gari linapogeuzwa kwa mikono juu ya sahani ya mbao. Kila mtalii anajua hapo, na Julai foleni inaweza kupita saa moja. Ya tatu, ya California Street, inaanzia chini karibu na Market na Drumm, foleni yake ni fupi sana kulinganisha, magari yake ni makubwa kidogo na yana sehemu wazi mbele na nyuma. Inapanda Nob Hill moja kwa moja. Mpeleke na hiyo, saa tatu asubuhi au kabla, mfike juu, mrudi nayo hiyo hiyo chini. Hapo ameona kilima, amepanda gari, na hajatumia goti.

Bei kwa safari moja haipungui dola 8, wakati basi la kawaida ni kama dola 3 na tikiti yake inakuhudumia saa mbili hata ukibadilisha mabasi. Kwa hivyo yeyote anayekuambia gari la kebo ndilo suluhisho la kila siku hajapiga hesabu. Mkitaka kulipanda mara mbili au zaidi kwa siku, nunueni pasi ya wageni ya siku moja au tatu inayojumuisha kebo. Angalia jambo moja: pasi hiyo ni ya Muni tu, yaani mabasi, tramu na kebo za jiji, haifanyi kazi kwenye BART, yaani treni ya uwanja wa ndege. Watu hukwama mlangoni kwa hilo.

Ile barabara ya kona nyingi, Lombard, laini ya Powell–Hyde inasimama juu yake kabisa. Kona ni nane, zimewekwa mwaka 1922 kwa sababu mwinuko wa asili wa asilimia 27 ulikuwa unashinda magari ya wakati ule. Pembeni ni ngazi. Mama aangalie kutoka juu, inatosha, mandhari mazuri yako juu. Tatizo ni kupata gari la kuondoka nalo, maana yanafika hapo yamejaa. Teksi hapo ni pesa iliyotumika vizuri.

Jumba la makumbusho la magari hayo liko kona ya Washington na Mason, kuingia ni bure, na ndani unaona magurudumu makubwa yanayovuta kebo zenyewe zikifanya kazi. Laini zote mbili za Powell zinapita jirani. Usiliache.

Sasa gari la kukodi. Ndani ya jiji, usikodishe. Maegesho ya hoteli yanaweza kukugharimu kwa siku zaidi ya mnachokula wawili, na magari ya kukodi ndiyo yanavunjwa vioo. Kanuni ya wenyeji ni kwamba ndani ya gari kusionekane kitu, hata waya wa chaja. Na kuhamishia begi kwenye buti baada ya kufika ni kumwonesha mwizi lilipo, hamisha kabla hujafika. Kama mnataka kwenda nje ya jiji, kodisheni asubuhi ya siku hiyo na mrudishe jioni.

Ukiegesha kwenye mteremko, sheria inataka magurudumu ya mbele yageuzwe barabara yoyote yenye mwinuko wa zaidi ya asilimia 3, na faini inaandikwa kweli. Sisi tunaendesha kushoto kwa hivyo kichwa kitakuchanganya. Kule unaegesha kulia. Ukielekea chini, geuza magurudumu kulia, kuelekea ukingo. Ukielekea juu na ukingo upo, geuza kushoto, kisha acha gari lirudi nyuma taratibu mpaka tairi ya mbele iuguse ukingo. Ukielekea juu na hakuna ukingo, geuza kulia.

Kwa gia za otomatiki fuata mpangilio huu: kanyaga breki ya mguu, weka N, vuta breki ya mkono, achia mguu polepole gari likae kwenye breki ya mkono, ndipo uweke P. Ukianza na P, uzito wote wa gari unakaa kwenye kile kijino kidogo ndani ya gia, na ukija kuondoka utasikia mlio wa kishindo na wakati mwingine gia inagoma kutoka.

Daraja la Golden Gate halipokei pesa taslimu. Ushuru unatozwa kwa kamera, na ni kwa wanaoingia jijini tu, si wanaotoka. Uliza kampuni ya gari itakutoza kiasi gani juu ya ushuru wenyewe kabla ya kuondoka na funguo.

Ramani_Mkononi:

Goti_Salama nimekubali, kwa huyu mama kanuni yangu ifutwe.

Niongeze kuhusu daraja. Bila gari, basi namba 28 linasimama pale pale kwenye uwanja wa daraja. Daraja lina urefu wa kilomita 2.7, kwa hivyo kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita tano upepo ukikupiga ubavuni na magari yakinguruma kando yako. Hakuna haja. Nendeni upande wa mashariki, ulio wa waenda kwa miguu, hadi mnara wa kwanza, mrudi. Picha nzuri haziko darajani. Ziko Crissy Field, njia tambarare ya ufukweni chini yake, yenye benchi.

Siku yenu ya tambarare kabisa ni Embarcadero. Anzeni Ferry Building, tembeeni ufukweni kuelekea Pier 39, ni kama kilomita mbili na nusu bila kilima hata kimoja. Mama akichoka katikati, laini ya F, tramu za zamani zilizokusanywa kutoka miji mbalimbali, inapita pembeni na nauli yake ni ya kawaida, si ile ya kebo.

Siku ya kwanza msipange kitu baada ya chakula cha mchana. Julai tofauti ni saa kumi: huko ikiwa saa nane mchana, Nairobi ni saa sita usiku, na mwili wa mama utakuwa Nairobi.

Kadi_na_Chenji:

Mambo ya pesa kwa haraka. BART na mabasi ya Muni sasa yanakubali kugusisha kadi ya benki isiyohitaji kuchomekwa, kila mtu na yake. Ile kadi ya Visa ya M-Pesa ya mtandaoni ni ya kulipia vitu kwenye intaneti, usiitegemee mlangoni. Iarifu benki tarehe za safari, la sivyo muamala wa kwanza ukitokea California wanafunga kadi na huku ni usiku wa manane.

Hoteli itashikilia amana kwenye kadi. Ukitumia kadi ya akiba, hizo ni pesa zako halisi zimefungwa, na zinaweza kuchukua siku kadhaa kurudi baada ya kuondoka. Acha nafasi.

Bei ya menyu si utakayolipa. Kodi ya mauzo jijini ni asilimia 8.625 inaongezwa mwishoni, mikahawa mingi inaweka asilimia nyingine yake, kisha bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 kama umehudumiwa mezani. Chakula cha dola 20 kinatoka karibu dola 27. Soma risiti kwanza, wengine bakshishi wameshaiweka, usilipe mara mbili. Maji ya mfereji ni salama na matamu, yanatoka bwawa la Hetch Hetchy milimani, msinunue ya chupa.

Mama akiwa na miaka 67 nauli ya mabasi ni nusu hivi, kikomo ni kuanzia 65. Atembee na pasipoti au nakala yake nzuri.

Umeme ni volti 120 na soketi ni za pini mbili bapa. Chaja ya simu itafanya kazi ukipata adapta. Pasi na birika za Kenya hazitapata moto wa kutosha, ziacheni.

Kasarani_Kwetu:

Mbarikiwe. Swali la mwisho, Alcatraz. Naweza kununua tikiti nikifika?

Ramani_Mkononi:

Julai, usijaribu. Tikiti rasmi zinauzwa na kampuni moja tu yenye idhini ya hifadhi za taifa, Alcatraz City Cruises, na zinafunguliwa kama siku 90 kabla. Nunua leo. Ni karibu dola 50 kwa mtu mzima, na hiyo tayari ina boti kwenda na kurudi pamoja na maelezo ya kusikiliza masikioni. Ukiona boti zinazosema Alcatraz kwa bei ya chini, soma vizuri: nyingi zinazunguka kisiwa bila kutia nanga.

Boti inaondoka Pier 33, ambayo iko Embarcadero, laini ya F inafika. Chukueni boti ya kwanza kabisa ya asubuhi, kisiwa kikiwa hakijajaa. Kurudi mnapanda boti yoyote, hakuna saa iliyopangwa.

Lakini mama: kutoka gatini hadi jengo la seli ni karibu mita 400 za barabara ya kupanda, kimo cha kama mita 40, sawa na jengo la ghorofa 13. Hifadhi ina kigari cha umeme kwa wasioweza kupanda, kinaitwa SEAT, na hakilipiwi. Kina viti vichache na kinakwenda kwa ratiba, kwa hivyo msibaki nyuma kupiga picha. Mkishuka tu, nendeni moja kwa moja kwa mlinzi wa hifadhi aliye gatini umwambie mama ana magoti, atawaonesha pa kusubiri. Kurudi chini pia akirudi nacho, kwa sababu zile alizoeleza Goti_Salama.

Andika tikiti kwa jina lililo kwenye pasipoti yako, maana mwenye tikiti anaweza kuulizwa kitambulisho pale Pier 33. Na chakula hakiuzwi kule juu. Kuleni kabla, mbebe maji, na ile sweta ya pili ya mama, kwenye boti ataihitaji.